Huduma ya Dharura ya Mashirika ya Afya ya Kimataifa: Tathmini ya Mpokeaji wa Mwambao wa Kigoma

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka, haina dirisha la malipo, wala haitoi risiti, lakini sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tumeipokea mara nyingi. Imetufikia kama pakiti ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kama matone ya chanjo kinywani mwa mtoto, kama kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso la abiria anayeshuka botini kutoka Kongo. Ni huduma ya kukabili milipuko ya magonjwa, ile inayoongozwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na mashirika yanayoshirikiana nalo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika mitaa iliyo jirani na mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, kazi niliyoianza mwaka 2015 kama mtu wa kujitolea, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili: nimeipokea na nimeigawa kwa mikono yangu. Watu huandika tathmini ya hoteli waliyolala usiku mmoja. Naona ni haki huduma inayogusa uhai wa watu nayo iandikwe na wale inaowahudumia.

Kwanza nieleze inavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hudhani WHO ni hospitali kubwa yenye madaktari wanaosubiri kupanda ndege. Sivyo. Shirika hilo lililoanza rasmi tarehe 7 Aprili 1948, lenye makao makuu Geneva, Uswisi, na ofisi ya kanda ya Afrika Brazzaville, halina mamlaka ya kuingia nchi yoyote bila kukaribishwa. Nguvu yake iko kwenye Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, ambazo zinaitaka nchi kutoa taarifa ndani ya saa 24 baada ya kubaini tukio linaloweza kuwa dharura ya afya inayovuka mipaka. Taarifa ikishatolewa ndipo mambo yanapoanza kusogea: WHO inaleta wataalamu na miongozo, UNICEF inashughulikia maji, watoto na elimu kwa jamii, Madaktari Wasio na Mipaka wanafungua kambi za matibabu, Msalaba Mwekundu unatoa watu wa kujitolea, na Gavi inagharamia chanjo. Tangu mwaka 2017 kuna pia Africa CDC, chombo cha Umoja wa Afrika chenye makao Addis Ababa. Serikali ya nchi ndiyo mwenye nyumba. Wengine wote ni wageni waliokuja kusaidia msibani na vyombo vyao.

Mara yangu ya kwanza kuiona huduma hii kwa karibu ilikuwa Mei 2015. Machafuko ya kisiasa yalikuwa yameanza Burundi mwishoni mwa Aprili, na watu walikuwa wakivuka kwa maelfu kuingia Kagunga, kijiji chetu cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mahali ambapo mtu alifika kwa boti au kwa miguu yake. Kijiji hicho kidogo kikajikuta kimebeba watu zaidi ya 50,000. Walilala ufukweni, wakapikia ufukweni, wakajisaidia ufukweni, na maji ya kunywa wakayachota ziwani hapohapo. MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilitia nanga mbali na ufuko kwa kuwa hapakuwa na gati, abiria wakapelekwa kwa mitumbwi, na kila safari ikawaleta watu wapatao 600 Kigoma mjini. Hapa walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupandishwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kufikia tarehe 22 Mei wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wamefika kama 3,000, vifo 31, na kila siku waliongezeka wagonjwa wapya kati ya 300 na 400, wengi wao wakiwa Kagunga.

Niliitwa uwanjani kwa sababu ninazungumza Kiha, na Kiha na Kirundi ni lugha ndugu kiasi kwamba Muha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani. Mafunzo yalichukua asubuhi moja. Tulionyeshwa kitanda cha kipindupindu, ambacho ni turubai lililokazwa kwenye fremu, tundu katikati, na chini yake ndoo yenye alama za lita, ili muuguzi ajue mgonjwa amepoteza maji kiasi gani na amrudishie kiasi hicho hicho. Tulionyeshwa jinsi ya kupima klorini ya kunyunyizia sakafu, ambayo haina nguvu sawa na ile ya kunawia mikono, na tukaonywa kwamba kuzichanganya hizo mbili ni kosa kubwa. Kisha tukapewa jagi, kikombe, kijiko na katoni ya pakiti.

Jioni ya siku hiyo nilimkuta mama mmoja amempakata mtoto wa miaka kama minne. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole viwili ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mama alikuwa amekataa kumpa maji, kwa kuwa aliamini kila anachokunywa ndicho kinachomwongezea kuhara. Nilikaa chini kando yake, nikamwambia kwa Kiha kwamba amazi haya yana sukari na chumvi, na kwamba chumvi hiyo ndiyo inayoyashika maji mwilini yasipite moja kwa moja. Alinitazama kwa muda, akaniuliza, “Dada, wewe una mtoto?” Nikamjibu kwamba ninaye, na kwamba angeumwa hivi ningempa maji haya haya. Akanyoosha mkono akachukua kijiko. Kijiko kimoja, unasubiri dakika moja, kijiko kingine. Akitapika unasubiri dakika 10, unaanza tena. Tulipokezana hadi usiku wa manane. Kabla ya alfajiri mtoto alikojoa, muuguzi akaja akatazama khanga iliyolowa, akasema sasa tunaweza kupumua.

Nimelieleza tukio hilo kwa kirefu kwa sababu pakiti ile ndiyo kitu bora kuliko vyote ambavyo huduma hii imewahi kutuletea. Ndani yake kuna gramu 20.5 za sukari na chumvi za kuchanganywa kwenye lita moja ya maji safi, nayo historia yake inafanana ajabu na ya kwetu. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowakumba wakimbizi waliokuwa wakitoka Bangladesh kuingia India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya Bangaon, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa sukari na chumvi uliokorogwa kwenye mapipa, akiwaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kunywesha. Vifo vilivyokuwa vikikaribia wagonjwa 30 kati ya 100 vilishuka chini ya wanne. WHO na UNICEF wakaichukua dawa hiyo wakaisambaza dunia nzima. Sifa wanayostahili hapa ni kubwa, kwa sababu waliikubali dawa rahisi ambayo mama asiyejua kusoma anaweza kuitumia, wakaifanya kuwa ya bei ndogo kiasi cha kumfikia kila mtu.

Kuhusu kasi, hukumu yangu ni ngumu zaidi. Kwa hesabu za tarehe ile ya 22 Mei, vifo 31 kati ya wagonjwa 3,000 ni kama kimoja katika kila 100, na kiwango hicho ndicho wataalamu wanachokiona cha kuridhisha hata katika mji wenye hospitali nzuri. Kukifikia katika ufuko usio na barabara ni kazi iliyofanywa na watu wasiolala, Watanzania na wageni, na ninawaheshimu kwa hilo. Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Watu 3,000 waliugua katika siku chache, na kila aliyekuwa na macho aliona tangu mwanzo wa Mei kwamba umati ule, kwenye ufuko ule, bila vyoo na bila maji safi, ungeugua. Huduma ilikuja kwa ajili ya wagonjwa. Vyoo na maji, ambavyo vingezuia wagonjwa wasiwepo, vilifuata nyuma. Hilo nimeliona tena na tena tangu wakati huo, nalo ndilo dosari yake kubwa: huduma hii huamshwa na idadi ya walioanguka, na mahali ambapo bado hakuna idadi, haiamki.

Chanjo ya kipindupindu nayo ilifika Nyarugusu mwezi Juni, wiki kadhaa baada ya wimbi kubwa kupungua. Ni chanjo ya kunywa, kichupa cha mililita moja na nusu, ambayo wakati huo ilitolewa kwa dozi mbili. Inatoka kwenye akiba ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2013 na kusimamiwa na kamati yenye wajumbe wanne, yaani WHO, UNICEF, Madaktari Wasio na Mipaka na Shirikisho la Msalaba Mwekundu. Nchi inaandika ombi, kamati inalijadili na kutoa jibu ndani ya saa 48 baada ya kupata taarifa zote zinazohitajika. Utaratibu huo ni mzuri kwa sababu chanjo hazigawanywi kwa kuangalia nani ana fedha. Tatizo ni kwamba ghala lenyewe ni dogo. Oktoba 2022, milipuko ilipozidi duniani, kamati ililazimika kusimamisha dozi ya pili na kutoa moja tu kwa kila mtu, ili kidogo kilichopo kiwafikie wengi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa siku ile, lakini dozi moja hukinga kwa muda mfupi zaidi, na watoto wadogo ndio wanaofaidika nayo kidogo kuliko wote. Chanjo ya ugonjwa wa maskini ina watengenezaji wachache mno, na mmoja wa wachache hao, kiwanda cha India kilichokuwa kikitengeneza Shanchol, aliacha kuizalisha mwishoni mwa mwaka 2023.

Msomaji anaweza kuuliza kama huduma hii hujifunza kutokana na makosa yake. Hujifunza, na ushahidi upo. Ebola ya Afrika Magharibi ilitangazwa na WHO tarehe 23 Machi 2014, lakini dharura ya kimataifa ilitangazwa tarehe 8 Agosti, miezi minne na nusu baadaye, ingawa mwezi Juni Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wameshasema wazi kwamba ugonjwa umeshindikana kudhibitiwa. Watu zaidi ya 28,600 waliugua na zaidi ya 11,300 walikufa, wakiwemo wauguzi waliokuwa wakihudumia bila glavu za kutosha. Baada ya msiba ule WHO ilianzisha mfuko wa dharura mwaka 2015 na idara mpya ya dharura mwaka 2016. Tofauti ilionekana. Ebola ilipotangazwa jimbo la Équateur, nchini Kongo, tarehe 8 Mei 2018, chanjo ilianza kutolewa tarehe 21 mwezi huo huo. Ilipozuka Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, chanjo ilianza ndani ya wiki moja.

Hata hivyo Kivu inafundisha kwamba kasi peke yake haitoshi. Mlipuko ule ulidumu karibu miaka miwili, ukaua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, ingawa safari hii chanjo ilikuwepo na dawa zilikuwa zikijaribiwa. Watu walikuwa wameuawa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi bila msaada mkubwa kutoka nje. Walipoona magari mengi yamekuja kwa sababu ya Ebola pekee, walitilia shaka nia ya wageni, na baadhi ya vituo vya matibabu vikachomwa moto. Agosti 2019 ugonjwa ulifika Mwenga, Kivu ya Kusini, mkoa ambao ufuko wake unatazamana na sisi. Siku zile hapa mwaloni tuliweka ndoo za kunawia na kupima joto la kila abiria wa boti za Baraka na Uvira. Nilishika kipimajoto hicho kwa wiki kadhaa. Abiria walikubali kupimwa, lakini wafanyabiashara wa mawese na dagaa walikuwa na swali moja ambalo hakuna kijitabu cha shirika lolote kilicholijibu: nikikutwa na homa, mzigo wangu utabaki na nani? Mtu mwenye swali hilo hushuka usiku kwenye ufuko mwingine usio na ndoo. Tulipolifikisha kwa viongozi wa mwalo, wakakubali mzigo wa anayetengwa uandikwe daftarini na kulindwa, na kuanzia hapo watu wakawa wanasema wenyewe kama wameamka vibaya.

Kengele ya huduma hii inapigwa na serikali, na serikali ina mengi ya kuogopa. Ikitangaza ugonjwa, inaweza kupoteza watalii, safari za ndege na soko la samaki. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliitangazia dunia aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, kwa uwazi na haraka kama Kanuni zinavyotaka, na malipo yao yakawa nchi kadhaa kufunga safari kutoka kusini mwa Afrika ndani ya siku chache, kinyume na ushauri wa WHO. Ushauri wa WHO haumfungi mtu, na kila waziri wa afya barani Afrika aliliona hilo.

Kwetu tuna mifano miwili kutoka mkoa jirani wa Kagera. Mwaka 2023 Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ilitangazwa tarehe 21 Machi, waliotangamana na wagonjwa wakafuatiliwa mmoja mmoja, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwisha, wagonjwa wakiwa tisa na vifo sita. Kwa ugonjwa mkali kiasi hicho, hiyo ni kazi ya kujivunia. Januari 2025 mambo yalikwenda kwa mashaka zaidi: tarehe 14 WHO ilitoa taarifa ya wahisiwa wa Marburg huko Biharamulo, Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo, na tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba mgonjwa amepatikana. Mlipuko ulikwisha tarehe 13 Machi. Watu wote kumi waliohesabiwa, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, walikuwa wamefariki. Katika siku zile sita simu yangu haikupumzika. Majirani wa Kibirizi wenye ndugu Kakonko, ambako ni mpakani na Kagera, waliniuliza wamwamini nani, nami niliwajibu kwamba kunawa mikono na kutogusa maiti ya aliyekufa kwa homa na kutokwa damu hakusubiri majibu ya maabara. Nasema haya bila kulaumu upande wowote. Ninachosema ni kwamba mpokeaji wa mwisho wa huduma hii hukaa gizani wakati wakubwa wanakubaliana maneno ya kutumia, na giza hilo uvumi haukawii kulijaza.

Juu ya ugawaji wa chanjo wakati wa korona sitasema mengi, kwa kuwa dunia nzima inayajua. Uingereza ilianza kuchanja tarehe 8 Desemba 2020. Sisi tulipata shehena yetu ya kwanza kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo za korona, Julai 2021, dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilizotolewa na Marekani, na kabla ya hapo nchi yetu ilikuwa imekaa zaidi ya mwaka bila kutoa takwimu za wagonjwa, jambo ambalo nalo lilitupunguzia nguvu ya kudai. COVAX iliahidi usawa. Ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa imegawa karibu dozi bilioni mbili, nyingi zikiwa zimefika baada ya wenye fedha kushiba. Homa ya nyani, ambayo sasa inaitwa mpox, ikarudia somo hilo. Aina mpya iligunduliwa Kamituga, Kivu ya Kusini, Septemba 2023. Africa CDC ilitangaza dharura ya bara tarehe 13 Agosti 2024, WHO ikafuata siku iliyofuata, na hapo ndipo chanjo zilizokuwa zimehifadhiwa Ulaya na Marekani zilipoanza kusafirishwa. Hatua ya Africa CDC kutangulia ilinipa matumaini ya kweli, kwa sababu aliyeko karibu na moto ndiye aliyepiga kelele kwanza.

Nihamie kwa watumishi. Wageni niliofanya nao kazi wengi ni watu wa adabu na ujuzi. Nakumbuka mtaalamu wa maji ambaye kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuonja maji ya tanki kabla ya mtu yeyote kunywa. Lakini ujuzi wao hufika ukiwa umepangwa mbali na hapa. Septemba 2023, baada ya kirusi cha polio kugunduliwa Rukwa, mikoa sita ikiwemo Kigoma ilifanya kampeni ya kuchanja watoto walio chini ya miaka minane, nyumba kwa nyumba, matone mawili kisha wino kwenye kidole kidogo. Ramani ya timu yetu ilionyesha nyumba zote vizuri sana, ila asubuhi nyumba za mwaloni huwa tupu: mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, akina mama wanashuka kupokea na kuanika, na watoto wako nao mchangani. Siku ya kwanza tuligonga milango mitupu mpaka miguu ikauma. Jioni nilimwambia msimamizi, “Kaka, kesho tuanzie kwenye dagaa.” Alikubali palepale, akabadilisha ratiba kwa kalamu, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa mchangani na makasha ya baridi. Tulichanja watoto wengi kabla ya saa tatu kuliko tuliowachanja siku nzima iliyotangulia. Naiandika hii kama sifa kwake: aliuliza, akasikiliza, akabadilika siku hiyo hiyo.

Si wote walio hivyo. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilifungua kituo cha kunywesha chumvichumvi katika mtaa wetu wakati wa kipindupindu cha baadaye, likaajiri vijana sita kwa posho ya siku, likachukua majina na takwimu za kila kaya. Wagonjwa walipopungua, gari lilikuja siku moja mchana, likapakia tanki, meza na hema, likaondoka. Posho ya wiki tatu za mwisho haikulipwa hadi leo, na zile takwimu tulizokusanya kwa miguu yetu hatukuwahi kuzisoma popote. Mmoja wa vijana wale aliniambia, “Shangazi, kipindupindu kikirudi mimi siendi.” Nilimwelewa. Milipuko hurudi, na anapopotea kijana kama huyo, anayepotea ni mtu anayejua kila mlango wa mtaa na anayeaminiwa kwenye kila mlango.

Hapo ndipo tathmini yangu inapoegemea. Oktoba 2017 kikosi cha dunia cha kudhibiti kipindupindu, ambamo WHO na wenzake wamo, kilitangaza mpango wa kupunguza vifo vya ugonjwa huo kwa asilimia 90 kufikia mwaka 2030, na mpango wenyewe unasema wazi kwamba tiba ya kudumu ni maji safi na vyoo katika maeneo yanayougua mara kwa mara. Kwa maandishi, basi, mashirika haya yanajua ninachokijua mimi. Lakini fedha zao nyingi hutolewa kwa miezi, kwa jina la mlipuko fulani, na bomba la maji halijengwi kwa fedha za miezi sita. Hali inazidi kubana: Marekani ilitangaza kujitoa WHO Januari 2025, na bajeti ya shirika ya mwaka 2026 na 2027 ikashushwa kutoka dola bilioni 5.3 zilizokuwa zimependekezwa hadi bilioni 4.2. Mei 2025 nchi wanachama zilipitisha Mkataba wa Janga la Dunia, kura 124 bila hata moja ya kupinga, wenye ahadi za kugawana chanjo na dawa kwa haki zaidi. Ninaupokea kwa mikono miwili. Ningependa siku moja kura kama hizo zipigwe kwa ajili ya vyoo vya mwaloni.

Kwa wenzangu mtakaoipokea huduma hii, ushauri wangu ni huu. Ikifika, itumieni bila woga. Dawa zake ni za kweli na wauguzi wake wanajua wanachofanya. Wapelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa siku ya kwanza, wajitambulishe, waseme watakaa muda gani. Waulizeni mapema vifaa vitabaki kwa nani watakapoondoka, na jibu liandikwe kwenye daftari la mtaa mbele ya mashahidi. Mkichukuliwa takwimu, ombeni nakala. Na pakiti zikigawanywa, kila nyumba iweke mbili juu ya kabati, kwa sababu kipindupindu huanza usiku na zahanati hufunguliwa asubuhi.

Mimi huziweka zangu kwenye kopo la maziwa ya unga, zisipate unyevu. Mvua za masika zilizopita, mke wa mvuvi mmoja alinigongea saa nane usiku akiwa na mtoto mgongoni, nikatumia nne mpaka kulipokucha, tukampeleka zahanati akiwa anatembea mwenyewe. Leo asubuhi nimezihesabu, zimebaki saba. Nimeandika ombi la nyingine mara mbili tangu Agosti, na nimejibiwa kwamba kwa sasa hakuna mlipuko.